Ushauri wa kisheria kwenye usajili wa alama ya biashara: wapi umlipe mtaalamu, wapi ufanye mwenyewe

#1 KalamuNzito

Wakuu, nimefungua uzi huu kwa sababu kuna swali halikauki: fomu ya kusajili alama ya biashara ni ya kurasa chache, tena iko mtandaoni, sasa wakili wa nini? Ni kweli fomu si ngumu. Ugumu uko kwenye yale unayoyajaza, maana mengi ukishayawasilisha hayarekebishiki.

Ofisi nyingi za usajili zina misimamo miwili isiyolegea baada ya kupokea ombi. Kwanza, alama haibadilishwi. Kosa la tahajia kwenye anwani yako litasahihishwa, lakini huwezi kuondoa neno, kuongeza mchoro au kuleta nembo mpya. Pili, orodha ya bidhaa na huduma haipanuliwi. Kupunguza ruksa, kuongeza hapana. Ukija kugundua kwamba umeisahau bidhaa inayokuingizia fedha nyingi kuliko zote, unaanza ombi jipya kwa ada mpya na tarehe mpya, na mara nyingi tarehe ndiyo inayoamua nani katangulia.

Kuna na la tatu, ambalo wengi hawalifikirii: nani anaandikwa kuwa mwombaji. Mkurugenzi anajaza jina lake binafsi wakati anayetumia alama ni kampuni, au wabia wawili wanaanzisha biashara na mmoja anajiandika peke yake. Marekani, ombi linalotegemea matumizi ya alama likiwasilishwa na mtu ambaye siku hiyo hakuwa mmiliki ni batili tangu mwanzo, na hata ukihamisha umiliki baadaye haliponi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama uwezo wako ni saa mbili tu za mtaalamu, zitumie kabla ya kuwasilisha, kabla hata ya kuchapisha vifungashio. Usizihifadhi kusubiri barua ya kukataliwa.

Nenda ukiwa umejiandaa, kwani wengi wanamaliza saa nzima wakieleza historia ya biashara. Chukua jina na nembo kwa sura zote unazokusudia kuzitumia, orodha ya unachouza sasa na unachokusudia kwa dhati kukiuza miaka michache ijayo, na nchi unakouza na unakotengenezea. Weka tarehe ya kwanza ya kutumia alama pamoja na ushahidi wake, mkataba na aliyechora nembo, hati za kampuni au ubia, na majina ya washindani wako wa karibu. Ukituma haya siku moja kabla, mazungumzo yanaanzia kwenye hatari zenyewe.

#2 Mjasiria_Leo

Ahsante mkuu. Mimi nauliza la msingi: kampuni ikishasajiliwa kwa jina hilo, si jina ni lake tayari?

#3 WakiliMtulivu

Hapana, ndugu. Msajili wa makampuni anaangalia kama kuna kampuni nyingine kwenye daftari lake yenye jina lilelile au linalokaribiana sana. Hakagui daftari la alama za biashara, na cheti anachokupa hakikupi haki ya kumzuia mtu kuliweka jina hilo kwenye bidhaa. Anwani ya tovuti nayo vivyo hivyo: ni ya aliyewahi kuilipia, basi.

Hatari inakuja kinyume chake. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kukuzuia kulitumia jina la kampuni yako kama chapa ya bidhaa, hata kama kampuni yako ni halali kabisa. Zipo sheria zinazotoa utetezi wa mtu kutumia jina lake mwenyewe, ila usiuegemee. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2016 umebakiza utetezi huo kwa watu binafsi tu, na majina ya kampuni yametoka.

#4 MsakaChapa

Niingie kwenye upekuzi, maana hapo ndipo ushauri unapolipa gharama yake.

Upekuzi wa alama zinazofanana kabisa fanya mwenyewe. Hifadhidata ya Global Brand Database ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) ni ya bure, TMview pia, na ofisi nyingi za nchi zina daftari lao mtandaoni. Andika jina lako kama lilivyo, halafu liandike kama mtu asiyejua tahajia atakavyoliandika: badili k iwe c, s iwe z, ondoa herufi zinazojirudia, geuza mpangilio wa maneno. Ukikuta limeshachukuliwa kwenye bidhaa kama zako, umeokoa fedha ya wakili, tafuta jina lingine.

Usipokuta kitu usishangilie bado. Sheria haiishii kwenye alama zilizo sawa kabisa, inazuia pia zinazokaribiana kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Ulinganisho unapita kwenye sauti, mwonekano na maana. Majina mawili yakiandikwa tofauti lakini yakitamkwa karibu sawa yanagongana. Michoro nayo ina namna yake ya kutafutwa, kwa namba za Uainishaji wa Vienna, ambapo kila aina ya mchoro (nyota, mnyama, taji) ina namba yake. Asiyezoea namba hizo anaipita nembo inayofanana na yake bila kuiona.

Kosa kubwa zaidi ni kupekua ndani ya daraja moja tu, yaani kundi moja kati ya yale yenye namba ambamo bidhaa na huduma hupangwa. Madaraja yaliwekwa kwa ajili ya utawala na ada. Mkataba wa Sheria ya Alama za Biashara wa 1994 unasema wazi kwamba bidhaa hazihesabiwi kufanana kwa sababu tu ziko daraja moja, wala kutofautiana kwa sababu tu ziko madaraja mbalimbali. Mwenye nguo daraja la 25 anaweza kumsumbua mwenye duka la nguo daraja la 35. Programu ya kupakua iko la 9, programu inayotumika mtandaoni bila kupakua iko la 42, na ofisi nyingi zinaziona kuwa ndugu. Bia ni la 32, vinywaji vikali ni la 33, nazo zinakaribiana.

Halafu kuna mambo ambayo hifadhidata haiwezi kukuonyesha. Aliyewasilisha ombi nchi nyingine ana miezi 6 ya kuja kwako akidai tarehe yake ya kwanza, chini ya Mkataba wa Paris wa 1883. Maana yake leo daftari ni jeupe, miezi mitatu ijayo linaingia ombi lenye tarehe iliyokutangulia. Na katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria za Kiingereza, biashara isiyosajiliwa kabisa lakini yenye sifa sokoni inaweza kukushtaki kwa kuiga chapa yake. Hao unawapata kwenye mitandao ya kijamii, maduka ya mtandaoni, maduka ya programu na majina ya biashara.

#5 Mjasiria_Leo

Sasa mtu anajuaje kama ripoti ya upekuzi aliyopewa ina uzito?

#6 MsakaChapa

Ripoti inayosema "jina liko wazi, endelea" bila maelezo haina kazi. Dai iorodheshe alama zilizo karibu zaidi, mwenye kila moja, bidhaa zake, tarehe na hali yake: hai, imekwisha muda, au bado ni ombi. Kisha dai maoni ya hatari kwa kila moja pamoja na sababu. Alama ya karibu isiyotumika miaka mingi si kikwazo sawa na ya mshindani anayeuza kila siku. Ya kwanza unaweza kuiombea ifutwe, ukaomba ridhaa ya mwenyewe, au ukainunua. Ya pili, tafuta jina lingine mapema.

Muulize pia kilichoachwa nje: je, michoro ilipekuliwa? Matamshi? Alama zisizosajiliwa? Madaraja gani? Tarehe ya mwisho ya data ni ipi? Mtaalamu mzuri anayaandika haya bila kuulizwa.

#7 FundiChapa

Kabla ya upekuzi kuna jina lenyewe, na hapa wakili na mtu wa masoko huwa wanavutana. Mtu wa masoko anataka jina linaloeleza bidhaa ili mteja aelewe haraka. Wakili anataka jina lisiloeleza kitu. Kisheria, wakili ndiye mwenye haki.

Jina la bidhaa yenyewe halisajiliki kabisa. Neno linalotaja sifa, ubora, mahali, kiasi au matumizi ya bidhaa kwa kawaida linakataliwa, kwa sababu washindani nao wanalihitaji kujieleza. Jina linalodokeza bila kutaja linapita. Neno la kawaida lililowekwa mahali lisipotarajiwa lina nguvu, kama Apple kwenye kompyuta. Na neno lililobuniwa ndilo lenye nguvu kuliko yote: Kodak halikuwa na maana yoyote George Eastman alipolisajili mwaka 1888. Usijifiche kwenye lugha ya mbali pia, maana fomu nyingi zinakutaka utoe tafsiri ya maneno ya kigeni, na mkaguzi anaipima maana.

Nguvu hiyo inaweza kuisha usipoitunza. Mwaka 1921 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida neno aspirin lilikuwa jina la dawa yenyewe. Escalator (ngazi ya umeme) nalo lilikuwa alama ya kampuni ya Otis hadi ilipopoteza kesi mwaka 1950. Sababu moja ya kupoteza kesi ile ni kwamba mwenye alama mwenyewe alilitumia kama jina la kawaida la kitu.

#8 Bahari_Kuu

Nina bajeti ya ombi moja. Nisajili jina kwa maandishi matupu au nembo yenye jina ndani?

#9 WakiliMtulivu

Kama neno lenyewe lina nguvu, sajili neno kwa maandishi ya kawaida. Linakulinda katika mwandiko wowote, rangi yoyote, na ukibadilisha nembo kesho hakuna unachopoteza. Nembo ya pamoja inalinda muunganiko: anayechukua neno lako peke yake akaliandika kivingine anakupa kesi ngumu zaidi.

Kama neno ni dhaifu, la kueleza, basi maandishi matupu yatakataliwa na nembo ndiyo njia. Ila elewa unachonunua. Cheti cha nembo yenye neno la kueleza kinalinda mchoro, na neno linabaki la wote. Ofisi nyingine zitakutaka uandike rasmi kwamba hudai haki ya pekee juu ya neno hilo. Wapo wanaouza huduma ya "tutakusajilia jina lolote" kwa kulivisha mchoro, mteja anaamini jina limelindwa kumbe hapana. Muulize mshauri wako swali moja kwa moja: nikipata cheti hiki, naweza kumzuia mtu anayetumia neno tu? Akijibu kwa mzunguko, jibu ni hapana.

Rangi: usidhani alama nyeusi na nyeupe inafunika rangi zote kila mahali. Ofisi hazina msimamo mmoja. Kama rangi ndiyo utambulisho wako, uliza nchi kwa nchi.

#10 FundiChapa

Naongezea suala la hakimiliki ya nembo, maana linasahaulika mno. Katika nchi nyingi kumlipa mchoraji wa nje hakukupi hakimiliki ya mchoro. Inabaki kwake mpaka kuwe na maandishi yenye saini yanayoihamisha kwako. Risiti haitoshi. Ujumbe wa simu wa "nimekamilisha kazi" hautoshi. Hati ya uhamisho ya ukurasa mmoja inatosha: itaje nembo kwa picha, iseme haki zote za kiuchumi zimehamia kwa nani, na iseme mchoraji anathibitisha kuwa kazi ni yake mwenyewe.

Uliza pia kama alitumia picha au vipande vya maktaba za picha mtandaoni. Leseni nyingi za huko zinakataza kitu hicho kuwa alama ya biashara, na hata zisingekataza, mwingine anaweza kukipakua kilekile kesho. Nembo iliyotengenezwa na programu ya akili bandia inaweza kusajiliwa kama alama, kwani alama haihitaji mtunzi, lakini hakimiliki yake inaweza isiwepo kabisa katika nchi kadhaa. Silaha moja imepungua hapo.

#11 KalamuNzito

Sasa orodha ya bidhaa. Uainishaji wa Nice una madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Nchi nyingi hutoza kwa kila daraja, na ombi likikataliwa ada kwa kawaida hairudi.

Makosa ninayoyaona ni ya pande mbili. Wapo wanaonakili kichwa cha daraja chote (maneno ya jumla yanayolitambulisha daraja) wakidhani wamechukua kila kitu. Mwaka 2012, katika kesi ya IP Translator, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema bidhaa na huduma lazima zitajwe kwa uwazi na usahihi wa kutosha hadi mtu aweze kujua upana wa ulinzi kwa kusoma orodha tu. Kichwa cha daraja si mara zote kinakidhi hilo. Na wapo wanaorundika kila bidhaa waliyowahi kuisikia. Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya SkyKick na Sky, ilithibitisha kwamba orodha pana kupita kiasi, isiyo na nia ya kweli ya kuitumia, inaweza kuhesabiwa kuwa ombi la nia mbaya. Orodha ndefu pia inakuzidishia maadui, kwa sababu kila bidhaa ya ziada inagusa mwenye alama mwingine ambaye angekuacha upite.

Upande wa pili, kubana mno. "Fulana za pamba" inakuacha bila suruali. Andika bidhaa unayouza, kundi lake la karibu, na kile ambacho biashara ya aina yako kwa kawaida inakuja kuuza. Tumia maneno yaliyokwisha kukubaliwa kwenye orodha rasmi za ofisi. Ombi linapita haraka, na ofisi kadhaa zinatoza ada ndogo zaidi kwa maneno hayo.

#12 Bahari_Kuu

Daraja la 35 si linamaliza kila kitu? Linaitwa la biashara.

#13 KalamuNzito

Hapana kabisa, mkuu, na huu ndio mtego unaokamata wengi. Daraja la 35 ni huduma za kibiashara unazowafanyia wengine: matangazo, usimamizi, kukusanya bidhaa za watengenezaji mbalimbali na kuziuza kwa rejareja. Anayetengeneza sabuni na kuiuza mwenyewe anahitaji daraja la 3. Akisajili la 35 peke yake, sabuni yenyewe haijatajwa popote kwenye cheti chake. Mgahawa ni la 43, lakini mchuzi wa chupa wenye jina la mgahawa ni la 30. Mwenye programu ya simu ya kutuma fedha pengine anahitaji la 9, la 36 na la 42 kwa pamoja. Hapa saa moja ya mtaalamu inazidi thamani ya ada yake.

#14 MamaKatiba

Wadau, tuseme pia namna ya kumchagua huyo mshauri.

Nchi nyingi zina watu wa aina mbili: mawakili, na mawakala wa alama za biashara walioidhinishwa na ofisi ya usajili. Kwa upekuzi, kuwasilisha na kujibu mkaguzi, wakala mwenye uzoefu wa kila siku mara nyingi anamshinda wakili wa mambo yote. Kwa mikataba, kesi mahakamani na barua za kutishiana, unahitaji wakili. Thibitisha jina lake kwenye orodha rasmi ya chama cha mawakili au ya ofisi ya usajili. Tovuti ya kuvutia haitoshi.

Muulize kama ana mgongano wa maslahi kabla hujamweleza siri zako, maana huenda mshindani wako ni mteja wake. Omba bei kwa maandishi, iliyotenganishwa: ada ya serikali, ada yake, tafsiri na kodi. Kisha uliza kisichomo: mkaguzi akitoa pingamizi nitalipa kiasi gani cha ziada? Mtu akipinga baada ya kutangazwa? Kuhuisha? Bei ya chini sana kwa kawaida inaishia kwenye kubofya kitufe cha kuwasilisha, na kazi halisi ndiyo kwanza inaanza.

Angalia vitu viwili kwenye nakala ya ombi kabla halijaenda. Mwombaji ni wewe au kampuni yako, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye hati, na si kampuni ya wakala. Na anayetia saini ni anayeruhusiwa. Ofisi ya Marekani imeshafuta maelfu ya maombi baada ya kugundua saini zilitiwa na watu wasiostahili, na walioumia ni wenye chapa. Huko, tangu Agosti 2019, mwombaji mwenye makazi nje ya nchi lazima awakilishwe na wakili mwenye leseni ya Marekani.

Barua pepe ya mawasiliano nayo: iwe ya mshauri pamoja na ya ofisi yako, ile ambayo haitakufa mfanyakazi akiondoka. Muda wa kujibu unahesabiwa tangu taarifa itumwe, na kusema hukuiona hakukusaidii.

#15 Mjasiria_Leo

Na wale wanaosema hakuna haja ya mshauri kabisa?

#16 MsakaChapa

Kuna mahali wako sahihi. Neno lililobuniwa, bidhaa za daraja moja zilizo kwenye orodha rasmi, nchi moja, mwombaji mmoja asiye na wabia, upekuzi safi kwa sauti na tahajia: mtu makini anaweza kuwasilisha mwenyewe. Hata hapo ningelipia upekuzi wa kitaalamu na jicho moja kwenye rasimu. Yakiingia mchoro, wabia, nchi ya pili au alama ya karibu kwenye daftari, usijaribu peke yako.

Hakikisha tu unamlipa mtu atoe maoni. Huduma za kujaza fomu mtandaoni, nyingi kati yake, kwenye masharti yake zinasema wazi kwamba hazitoi ushauri wa kisheria.

#17 WakiliMtulivu

Baada ya kuwasilisha: ofisi inakagua fomu, kisha inakagua alama, kisha inatangaza kwenye jarida lake ili anayepinga ajitokeze. Baadhi ya nchi hupindua mpangilio huo.

Barua ya mkaguzi si mwisho wa safari. Soma sababu kwanza. Kama anasema alama inaeleza bidhaa, unaweza kubishana, kukana haki juu ya neno moja, au kuleta ushahidi kwamba kwa matumizi ya muda mrefu umma umelitambua kuwa ni lako: mauzo kwa mwaka, matumizi ya matangazo, tafiti za wateja. Kama anataja alama ya mtu mwingine, unaweza kupunguza bidhaa zinazogongana, kuomba barua ya ridhaa kwa mwenyewe, au kushambulia alama hiyo kama haitumiki. Majibu ya hasira ya kurasa kumi yasiyogusa sababu ya mkaguzi hayajawahi kusaidia mtu. Na ulichokiandika kinabaki kwenye jalada: ukisema leo "alama yangu haifanani na ile kwa sababu herufi mbili zinatofautiana", kesho mwigaji wako atakusomea maneno hayohayo.

Muda wa kupinga ni siku 30 Marekani (unaweza kuongezwa), miezi 2 Uingereza (hadi 3 kwa kutoa taarifa), miezi 3 Umoja wa Ulaya. Ukipingwa, usikimbilie vita. Ulaya kuna kipindi cha kupoza (cha kujaribu kupatana kabla kesi haijaendelea) cha miezi 2 kinachoweza kurefushwa hadi jumla ya miezi 24, na kesi nyingi zinaishia kwenye mkataba wa kuishi pamoja: wewe unauza hiki kwa sura hii, mimi kile kwa sura ile. Mkataba huo asiandike mtu asiye mtaalamu. Sentensi moja inayokufungia kuingia bidhaa fulani itaendelea kukufunga biashara ikishakua.

#18 Bahari_Kuu

Nje ya nchi je? Kuna cheti cha dunia nzima?

#19 MamaKatiba

Hakipo, ndugu. Haki ya alama inaishia kwenye mipaka ya nchi au ya jumuiya iliyoitoa.

Kilichopo ni njia za kuwasilisha. Ukiwasilisha nchini kwako, ndani ya miezi 6 unaweza kuwasilisha nchi nyingine za Mkataba wa Paris na ukahesabiwa kwa tarehe ya kwanza. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda siku ileile, haina huruma. Mfumo wa Madrid unakuwezesha kutaja nchi nyingi katika ombi moja kupitia ofisi ya kwenu, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kila nchi iliyotajwa inabaki na uhuru wa kukataa, ndani ya miezi 12 au 18 kutegemea tamko lake.

Udhaifu wa Madrid ni mmoja, na wengi hawaambiwi: kwa miaka 5 ya kwanza usajili wa kimataifa unategemea alama ya nyumbani. Ya nyumbani ikianguka, zote zinaanguka kwa kiwango hichohicho. Una miezi 3 ya kuzigeuza kuwa maombi ya nchi moja moja, na gharama yake ndiyo uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo kama alama ya nyumbani ina shaka, peleka maombi ya moja kwa moja kwenye masoko makubwa. Pia zipo nchi zilizojiunga na Madrid bila kuirekebisha sheria yao ya ndani ipasavyo. Kwa hizo, muulize wakili wa hukohuko kama cheti cha Madrid kinasimama mahakamani.

China na nchi nyingine zinampa haki anayewahi kuwasilisha. Sajili kabla hujamtumia msambazaji au kiwanda sampuli. Mkataba wa Paris unakupa njia ya kupambana na wakala aliyejisajilia alama yako bila ridhaa, ila kuwahi ni rahisi mno kuliko kudai.

#20 FundiChapa

Jambo dogo linaloweza kukuletea adhabu: alama ya ® iwekwe pale tu ambapo usajili umekamilika, na kwa bidhaa zilizosajiliwa. Katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, kudai kwamba alama imesajiliwa wakati haijasajiliwa ni kosa la jinai. TM ni ya kusema "nadai hii ni yangu", na kwa kawaida haina shida. Bidhaa zinazosafiri nchi nyingi, mshauri aangalie kifungashio kabla hakijachapishwa.

#21 KalamuNzito

Cheti kikishatoka, kazi inabaki. Usajili katika nchi nyingi ni miaka 10, unahuishwa bila ukomo, na ukichelewa kuna angalau miezi 6 ya rehema kwa ada ya ziada. Marekani ina la ziada: kati ya mwaka wa 5 na wa 6 lazima uwasilishe tamko kwamba bado unaitumia alama, usipofanya inafutwa.

Isiyotumika inaweza kuondolewa. Mkataba wa TRIPS (wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu) umeweka kima cha chini cha miaka 3 mfululizo, nao Umoja wa Ulaya na Uingereza wanatumia 5. Anayeulizwa ushahidi ni mwenye alama. Mali bila daftari hupotea bila habari: kila mwaka weka kando ankara chache zenye tarehe na jina la bidhaa, picha za vifungashio, matangazo na kurasa za tovuti zilizohifadhiwa, kwa kila nchi na kwa kila kundi la bidhaa. Ukimruhusu mwingine atumie alama, iwe kwa leseni ya maandishi yenye masharti ya ubora na ukaguzi. Kampuni ikibadili jina au ikiuzwa, sajili mabadiliko hayo.

#22 Mjasiria_Leo

Nimeona watu wanapokea ankara za "usajili wa kimataifa" mara tu ombi linapotangazwa. Zilipwe?

#23 MamaKatiba

Usilipe. Majarida ya alama ni ya wazi, matapeli wanachukua majina na anwani humo na kutuma karatasi zenye nembo zinazofanana na za ofisi rasmi. WIPO na ofisi nyingi zimeweka mifano yake kwenye tovuti zao. Malipo halali yanaenda kwa ofisi yenyewe au kwa mshauri uliyemwajiri. Ankara yoyote ya mtu wa tatu, mtumie mshauri wako kabla ya kitu kingine.

#24 Bahari_Kuu

La mwisho kutoka kwangu: nikishasajili, ofisi si itawakataa wenyewe wanaoniiga?

#25 MsakaChapa

Inategemea ofisi, na mahali pengi jibu ni hapana. Ofisi ya Umoja wa Ulaya haikatai ombi jipya kwa sababu ya alama iliyotangulia mpaka mwenye alama apinge. Uingereza iliacha kukataa kwa sababu hiyo tangu Oktoba 2007: inakutumia taarifa tu, uamuzi wa kupinga ni wako. Kwa hiyo weka ufuatiliaji wa majarida. Wakala anaweza kukufanyia kwa ada ya mwaka, au ujiwekee tahadhari ya bure kwenye hifadhidata zinazotoa huduma hiyo. Ukiona ombi linalokugusa, mpelekee mshauri siku hiyohiyo likiwa na tarehe ya kutangazwa, namba ya ombi na orodha ya bidhaa, kwa sababu muda wa kupinga ulishaanza kuhesabiwa siku lilipotangazwa.